Kabla hujamlipa mjenzi wa banda, muulize kuhusu kusi

Kila inapokaribia Mei, picha za aina moja huanza kuzunguka kwenye simu za wafanyabiashara wa Tanga. Banda jeupe, taa za buluu, sakafu inayong'aa, televisheni kubwa ukutani na wageni wawili wenye suti wakipeana mikono. Chini ya picha kuna ujumbe: "Bosi, hivi ndivyo tutakavyokujengea. Weka nusu tuanze kazi." Picha imechorwa kwa kompyuta. Uwanja uliomo ndani yake hauna nyasi, hauna tope, na hakuna upepo unaovuma.

Uwanja wa kweli ni mwingine. Maonesho ya Biashara na Utalii ya Tanga, yanayoandaliwa na chemba ya wafanyabiashara ya mkoa, TCCIA, kwa kushirikiana na serikali, huangukia mwishoni mwa Mei na kuingia Juni. Miaka ya nyuma watu waliyazoea Mwahako, karibuni wameyaona Usagara. Popote yanapowekwa, majira ni yaleyale: masika hayajaaga sawasawa, na kusi limeshaanza. Mvua ya Tanga haina adabu ya kunyesha usiku ikamaliza. Inaweza kuja saa nne asubuhi, mgeni rasmi akiwa banda la tatu, ikapiga dakika ishirini, jua likatoka, na upepo ukafuata kutoka baharini.

Ndiyo maana mtu anayetafuta wa kumjengea banda hapa asianze na picha wala bei. Aanze na swali moja: mvua ikipiga siku ya nne, wewe mjenzi utakuwa wapi?

Swali hili limekuwa na uzito zaidi kwa sababu wanaotaka kuonekana Tanga wameongezeka. Bandari imepanuliwa kwa mradi wa Sh429.1 bilioni, gati la mita 450 likapata kina cha mita 13, na meli ambazo zamani zilitia nanga mbali na kupakuliwa kwa matishari sasa zinafunga gatini. Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani, ng'ambo kidogo tu ya mji. Benki, mifuko ya hifadhi ya jamii, kampuni za bima, za mizigo na za saruji, zote zina la kusema kwa watu wa mkoa huu. Mei 2024, viwanja vya Popatlal vilipokea maadhimisho ya kitaifa ya Wiki ya Elimu, Ujuzi na Ubunifu, na vyuo kutoka kila kona ya nchi vikahitaji mabanda. Kazi ipo. Palipo na kazi, mafundi wa kweli na wa kubahatisha huja kwa Fuso moja.

Tuanze na ubao, kwa sababu mabanda mengi huharibikia hapo.

Wajenzi wengi wanapenda MDF. Ni rahisi kukata, inapokea rangi vizuri, na kwa mbali inaonekana ukuta kamili. Lakini MDF ni nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi. Ikisimama juu ya nyasi mbichi usiku mmoja hunywa maji kutoka chini. Asubuhi utaona ukingo umevimba na rangi imebabuka kwa upana wa kiganja, na stika iliyobandikwa juu yake imeanza kuinua pembe. Kufikia siku ya tatu jina la kampuni limejikunja, na dada aliyeajiriwa kukaribisha wageni anashinda akilibandika kwa selotepu. Marine bodi ni tabaka za mbao zilizobandikwa kwa gundi inayostahimili maji. Bei yake ni ya juu, lakini inavuka masika. Na kama mteja lazima apate MDF kwa sababu ya bajeti, basi ukuta uinuliwe juu ya fremu, usiguse ardhi, na chini pawekwe ubao wa kuzuia maji yanayorukia.

Kuna jaribio dogo lisilohitaji mhandisi. Mwambie mjenzi akuletee kipande cha ubao atakaoutumia. Kipime unene kwa rula, kitie ndani ya ndoo ya maji jioni, kitoe asubuhi ukipime tena. Mjenzi anayekataa kuleta kipande ameshakujibu.

Halafu kuna mabanda ya kupanga: nguzo za aluminiamu za pembe nane na paneli nyeupe za upana wa mita moja, unaunga chumba cha mita 3 kwa 3 chini ya saa moja. Ni mfumo mzuri sana, ila ulibuniwa kwa ajili ya kumbi zenye paa na sakafu ngumu. Ndani ya ukumbi hauna shida. Juu ya nyasi, nguzo moja ikizama sentimita mbili, ukuta mzima unapinda, na paneli ya pembeni inachomoka kwenye mfereji wake. Anayetaka kuleta mfumo huu Tanga aje na jukwaa la mbao la kuusimamishia, lililosawazishwa kwa pima maji. Gharama ya jukwaa hilo mara nyingi haimo katika bei ya kwanza utakayotumiwa.

Na upepo? Hapa hesabu kidogo haidhuru. Upepo wa kilomita 40 kwa saa, ambao pwani ni jambo la kawaida msimu wa kusi, unapopiga ukuta wa mita 3 kwa 2.5 unausukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa mtu mzima. Upepo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu hiyo inakuwa mara nne. Vigingi vilivyopigwa kwenye udongo uliolowa havishiki. Vinachomoka vikiwa vizima, bila hata kupinda. Kwa hiyo hema au fremu iwekewe uzito: mifuko ya mchanga kwenye kila mguu, au mapipa ya maji yaliyofichwa nyuma ya pazia. Mjenzi mzoefu wa pwani hutaja mifuko ya mchanga kabla hujamuuliza. Asiyejua pwani atakwambia, "Usiwe na wasiwasi, mama, tutafunga kamba."

Umeme nao una vituko vyake. Muuza mtindi anataka friji inayofanya kazi mchana kutwa, jirani yake anauza juisi na ana blenda mbili, wa tatu amekuja na birika. Wote wameungwa kwenye ekstensheni moja iliyopita chini ya zulia, na zulia limelowa. Waya wa milimita za mraba 1.5 ni wa taa. Soketi zinataka 2.5, na kila banda linataka sakiti breka yake. Muulize mjenzi ni nani atakayeunga umeme, na kama mtu huyo ana leseni ya EWURA. Mtungi wa kuzimia moto usiwe pambo la kumridhisha afisa wa Zimamoto siku ya ukaguzi. Uning'inizwe mahali ambapo hata mtoto wa kazi anaufikia.

Sasa turudi kwenye ile siku ya nne. Siku ya kwanza kila mjenzi yupo, amevaa fulana yenye nembo, kwa sababu mkuu wa mkoa anapita na kamera zinapita naye. Siku ya nne taa mbili zimekufa, turubai limeshuka katikati limebeba maji, mlango wa stoo umevimba haufungi. Unapiga simu. Simu inaita, haipokelewi. Ikipokelewa jioni unaambiwa, "Kaka, nimetoka kidogo, nipo Dar, kesho inshallah." Tanga ina msemo wake wa siku nyingi, waja leo waondoka leo, na baadhi ya wajenzi wa mabanda wameamua kuutekeleza kama ulivyo.

Si kwamba wote ni matapeli. Tatizo ni kalenda. Maonesho ya Tanga yakimalizika mwanzoni mwa Juni, Sabasaba inafunguliwa tarehe 28 mwezi huohuo katika viwanja vya Mwalimu Nyerere, Barabara ya Kilwa, na huko ndiko kwenye fedha kubwa ya mwaka. Sabasaba ikiisha katikati ya Julai, Nanenane inaingia Agosti, na Kanda ya Mashariki, yaani Tanga, Morogoro, Pwani na Dar es Salaam, inakutana Morogoro. Mjenzi mwenye mafundi wachache akili yake inakuwa imeshahama Tanga hata kabla ya maonesho ya Tanga kufungwa. Anataka paneli zake zirudi haraka, na gari limeshapangwa kupita Segera na Chalinze usiku wa siku ya mwisho.

Kwa hiyo, ukizungumza naye, muulize kazi yake ya Sabasaba inaanza lini, na ni fundi yupi atakayelala Tanga hadi siku ya kufunga. Upate jina lake na namba yake ya simu. Akija kazini siku ya kwanza umuone kwa macho na umsalimie. Mtu huyo mmoja, mwenye ngazi, bisibisi, balbu za akiba na roli la selotepu, ana thamani kuliko televisheni yote ile ya ukutani.

Kusimamia banda kuna mengi ambayo hayaonekani kwenye picha. Nani anafagia maji saa moja asubuhi kabla ya wageni? Nani anawasha jenereta umeme ukikatika, na mafuta ni ya nani? Mlinzi wa usiku analipwa na mwandaaji, na mjenzi au na wewe? Bidhaa zinalala ndani au zinarudi dukani? Katika makubaliano mengi ya mdomo mambo haya huachwa hewani, kila upande ukiamini kwamba upande wa pili umeyachukua. Asubuhi ya pili ndipo watu wanagombana mbele ya wateja.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haikatai makubaliano ya mdomo. Mahakama ndiyo itakayokuuliza ushahidi. Karatasi mbili zinatosha: mchoro wenye vipimo na orodha ya vifaa, kisha ratiba ya nani anafanya nini kutoka siku ya kusimamisha hadi siku ya kubomoa. Malipo yafuate ratiba hiyo. Nusu mwanzoni si haramu, kwa sababu fundi hana duka la mbao. Ila usimlipe salio lote siku ya ufunguzi, hata akikuomba kwa upole namna gani. Bakiza sehemu inayouma, itoke siku banda litakapobomolewa na uwanja kuachwa safi. Mjenzi aliyekwishalipwa yote hana sababu ya kurudi Usagara kwa ajili ya balbu.

Bei nayo isomwe vizuri. Mmoja anakupa bei yenye VAT ya asilimia 18 ndani yake, mwingine anaiacha nje na kukutajia mwishoni. Mwenye kampuni anayetakiwa kukata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya huduma aseme mapema, maana fundi asiyeijua kodi hiyo ataona amedhulumiwa, na banda lako ndilo litakalolipa kisasi. Uliza usafiri umo au haumo, na kushusha mzigo na posho za mafundi je. Bei ya chini kabisa mara nyingi ni bei ya banda lisilo na sakafu.

Kuna swali jingine ambalo watu wa kwetu hulisahau: banda likibomolewa, mbao ni za nani? Mwaka 1850, London ilipokuwa ikitafuta wa kuijengea nyumba ya maonesho makubwa yaliyofunguliwa tarehe 1 Mei 1851, kampuni ya Fox na Henderson ilitoa bei mbili kwa kazi ileile. Pauni 150,000 kama vifaa vitabaki kwa waandaaji, pauni 79,800 kama wajenzi watavichukua baada ya maonesho. Waandaaji wakachagua ya pili. Jengo hilo la chuma na vioo, lililobuniwa na Joseph Paxton kwa vipande vya kuunga na kufungua, lilipokea wageni wapatao milioni sita, kisha likafunguliwa na kwenda kusimamishwa upya Sydenham, likiwa kubwa zaidi. Tofauti ile ya karibu nusu ya bei ni somo kwa muuza viungo wa Muheza kama ilivyokuwa kwa Malkia Victoria. Ukitaka banda la siku kumi tu, mwambie mjenzi achukue mbao zake na akupunguzie. Ukitaka kwenda nalo Sabasaba, kisha Morogoro, na Januari uvuke nalo hadi Zanzibar, basi linunue, na sharti liwe la kufunguka na kupakiwa. Kibaya ni kulipa bei ya kununua halafu kuziona mbao zako mwaka unaofuata kwenye banda la mtu mwingine, zimepakwa rangi mpya.

Sasa suala la nani apewe kazi: kampuni ya Dar yenye tovuti, au fundi wa Ngamiani?

Nilifika kwenye karakana ya seremala mmoja katika barabara zile za namba za Ngamiani kumuuliza bei. "Shikamoo, mzee." "Marahaba. Banda la ngapi kwa ngapi?" Nikamwambia tatu kwa tatu. Hakutaja fedha. Akauliza liko wazi au chini ya mwembe, linatazama wapi, wenye banda wanauza au wanaonesha tu, na gari litafika mpaka pale au vitu vitabebwa mkononi. Alipotosheka ndipo akatoa penseli sikioni na kuandika kwenye kipande cha plaiwudi. Mtu wa Dar aliyenitumia mchoro wa rangi sita hakuuliza hata moja kati ya hayo.

Hata hivyo, kipande kile cha plaiwudi ndicho kilichokuwa mkataba. Mzee hana risiti ya EFD, hana mchoro ambao meneja wa benki atauwasilisha makao makuu, na nembo ya kampuni kwake ni kazi ya mtu mwingine. Kwa taasisi ya umma hawezi hata kuingia mlangoni. Chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 manunuzi hupitia mfumo wa NeST, na asiyesajiliwa humo haonekani. Mbaya zaidi, afisa anayejua tangu mwaka jana kwamba Mei kuna maonesho anaweza kupandisha zabuni siku chache kabla ya ufunguzi. Anayeshinda kwa muda huo ni yule mwenye vifaa vilivyokwisha kutengenezwa, si mwenye kazi nzuri.

Rai yangu ni kuwaunganisha. Mchoro na nembo zitoke kwa mbunifu popote alipo, Dar, Arusha au Mombasa. Kusimamisha na kutunza kupewe watu wa Tanga, na mkataba mkuu uwataje. Kampuni inayokuja na mafundi wake wote kutoka nje na kuwalaza nyumba ya wageni siku kumi inakutoza malazi hayo, hata kama hayakuandikwa. Ikichukua mafundi wawili wa Ngamiani au Makorora, fedha inapungua na siku ya nne kuna mtu.

Vifaa pia vipo. Longuza, huko Muheza, kuna shamba la mitiki la Serikali, na mitiki haiogopi mvua. Makuti yapo pwani nzima. Mkonge ndio usiseme: miche yake iliingia Kikogwe, Pangani, mwaka 1893 kwa mkono wa Mjerumani Richard Hindorf, ikafanya jina la Tanga lijulikane duniani, na leo Bodi ya Mkonge makao yake yako hapahapa. Halafu unaingia uwanjani unakuta asali, iliki na mdalasini wa Amani vimepangwa ndani ya paneli za plastiki nyeupe ambazo zingeweza kuwa duka la simu. Banda la fremu ya mitiki, kuta za kamba za mkonge na kivuli cha makuti lingemsimamisha mpita njia kabla hata hajasoma bango. Makuti yapakwe dawa ya kuzuia moto na jiko likae mbali. Hilo halina mjadala.

Kwa anayeanza safari hii mwaka ujao, muda mzuri wa kumtafuta mjenzi ni Februari, kabla ya masika na kabla watu wa Sabasaba hawajaanza kuwagombania mafundi. Nenda ukaone kazi aliyofanya mahali pa wazi, na usitosheke na ya ukumbini. Zungumza na mwenye banda la mwaka jana bila mjenzi kuwepo, umuulize jambo moja tu: ulipompigia simu, alikuja?

Na kwa waandaaji ombi ni dogo. Ramani ya uwanja itolewe kabla ya Machi kwisha, ikionesha namba za viwanja, nguzo ya umeme, bomba la maji na upande ambao maji ya mvua yanaelekea. Mfanyabiashara anayejua kiwanja chake wiki moja kabla hawezi kumuuliza mjenzi lolote la maana, atapokea atakachopewa. Ramani hiyo ni karatasi moja, na TCCIA na Jiji la Tanga wanaweza kuibandika kwenye mbao zao za matangazo bila kusubiri bajeti ya mtu yeyote.